Mtufaha umejaa majani lakini hauzai

Ndugu, umesema mtufaha wako wa aina ya Anna hapo Njombe una miaka minne, majani tele, tunda hata moja hakuna. Kama ulipanda mbegu ya tunda la dukani, huo si Anna, na unaweza kusubiri miaka mingine mingi. Kama ni mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine, tuendelee.

Anna haijichavushi vizuri. Panda aina nyingine ya tufaha, Dorsett Golden, umbali wa mita 4 au 5. Huchanua pamoja, nyuki watamaliza kazi. Usipulizie dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Shida kubwa zaidi ni usingizi wa mti. Anna ilizalishwa Israeli ili iridhike na baridi kidogo, lakini huku kwetu majani hayapukutiki yenyewe, hivyo macho ya maua hayaamki. Punguza maji wiki kadhaa msimu wa kiangazi, kisha ondoa majani yote kwa mkono. Kata jani ukiacha kikonyo. Ukilivuta kwa nguvu unang'oa na jicho lake. Baada ya hapo mwagilia vizuri.

Matawi yaliyosimama wima hurefuka tu bila kuzaa. Yafunge kamba kwenye vigingi, yalale nyuzi 60 hivi kutoka kwenye shina, yakiwa bado laini. Na kama unaweka urea, acha kabisa kwa sasa, ndiyo inayokupa majani.

Matunda yakishika, bakiza tunda moja kila kichala, sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda. Ukiona huruma utavuna madogo, na mwaka unaofuata mti unaweza kugoma.