Ulaini wa punje za mchanga si hati ya safari ya mwisho

Mwaka wangu wa kwanza maabara niliweka chini ya hadubini mchanga wa tabaka moja la uchimbaji wa kiakiolojia. Punje zilikuwa zimesuguka kingo zote, nikaandika bila kusita: mto. Mwalimu wangu hakubisha. Aliniambia tu nikalitazame jabali lililo nyuma ya shimo. Lilikuwa jiwe la mchanga, na punje zake zilikuwa zilezile. Mchanga wangu ulikuwa umemomonyoka hatua chache tu kutoka pale. Kilichozisugua punje kilitokea zamani, kabla jabali lenyewe halijawa jabali. Tangu siku hiyo siandiki neno kuhusu tabaka kabla sijachukua sampuli za kila chanzo cha jirani.

Halafu usichanganye utufe (jinsi punje inavyokaribia umbo la mpira) na ulaini wa kingo. Mwanajiolojia Hakon Wadell alivitenganisha tangu 1932, lakini bado naona madaftari yaliyoviweka katika safu moja. Punje ndefu kama mpunga yaweza kuwa laini kabisa, na iliyokaribia tufe ikabaki na ncha kali. Kwa kingo, picha za kulinganishia za mtafiti Powers za 1953, zenye ngazi sita kutoka ncha kali hadi laini kabisa, zinatosha kuanzia.

Linganisha madini ya aina moja na ukubwa mmoja. Kwazi, madini magumu yaliyo mengi mchangani, ya milimita 0.25 hadi 0.5 ni chaguo zuri. Punje ndogo sana hazigongani kwa nguvu majini, kwa hiyo hubaki na kona hata zikisafiri mbali. Upepo husugua zaidi. Na mwombe mwenzako afiche majina ya sampuli: mimi nikijua mchanga umetoka ufukweni, jicho langu hulainisha kila punje.

Hadubini ya elektroni huonyesha vishimo vya umbo la V vilivyoachwa na migongano majini, na mivunjiko iliyopinda kama kombe, ambayo wengi hukimbilia kuiita kazi ya barafuto, yaani mto wa barafu. Huenda ni kazi ya mchi wako. Sampuli haitwangwi!

Ukikuta vibanzi vidogo vyenye makali katikati ya punje laini, huenda mtu aliketi hapo akichonga zana. Kagua kwanza kama ni jiwe lilelile la zana zilizopatikana, na kama vimekusanyika mahali pamoja au vimetapakaa tabaka zima.