Kuhara kwa rota kunakatika vipi bila antibiotiki?

Dada, umeuliza imekuwaje mwanao akaacha kuharisha bila antibiotiki. Kama ilikuwa rota, yaani virusi vinavyoharisha watoto, antibiotiki isingesaidia kitu. Hiyo ni ya bakteria. Kazi imefanywa na utumbo wenyewe. Virusi vya rota hushambulia seli zilizokomaa, zile za kwenye ncha za vijinyuzi vya utumbo mwembamba, vilivyosimama kama manyoya ya taulo. Seli hizo hazidumu: kila siku 3 hadi 5 zinabanduka, mpya zinapanda kutoka chini. Iliyovamiwa hutoa interferoni, yaani inawapigia majirani mbiu wafunge milango. Halafu kuna ute, na ndani yake kingamwili za IgA zinazonasa virusi kabla havijagusa ukuta. Mtoto mchanga hana za kwake za kutosha, anazipata kwenye maziwa yako, hasa yale ya manjano ya mwanzo (ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kumwaga, jamani!). Ndiyo maana hata chanjo ya rota ni matone ya mdomoni, si sindano: inauzoesha utumbo palepale. Akiharisha tena mpe ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki, na ziwa aendelee kunyonya. Macho yakibonyea au mkojo ukipungua, kimbia hospitali.