Maswali ya Wasomaji: Washauri Elekezi na Miji ya Jangwani

Barua za toleo hili zinahusu miji inayokua kwa kasi katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, na kampuni za ushauri wa kihandisi zinazofanya kazi kwa niaba ya taasisi zake za umma.

SWALI: Mamlaka ya maji inayohudumia Las Vegas ina wahandisi wake wanaolipwa mishahara ya umma. Kwa nini basi inalipa tena kampuni ya ushauri?

JIBU: Kuna kazi ya kila siku na kuna kazi inayokuja mara moja katika kizazi. Mamlaka ya Maji ya Kusini mwa Nevada, iliyoundwa mwaka 1991, ilipoona Ziwa Mead, lililo kwenye Mto Colorado na ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Las Vegas, linaendelea kupungua, ililazimika kuchimba handaki chini ya ziwa hilo ili kupata dakio (mahali pa kuchotea maji) la tatu, lililokamilika mwaka 2015. Baadaye ilijenga kituo cha pampu, kilichokamilika mwaka 2020, chenye uwezo wa kuvuta maji hata ziwa likishuka kiasi kwamba maji hayawezi tena kupita katika Bwawa la Hoover, linalolizuia ziwa hilo. Mtaalamu wa mahandaki ya namna hiyo hana kazi ya kufanya katika ofisi ya mamlaka miaka yote inayofuata, na kumwajiri moja kwa moja kungekuwa hasara. Nisichokikubali ni pale taasisi inapokodi hata watu wa kusoma ripoti za mshauri, kwa maana hapo haibaki na yeyote anayeweza kusema kwamba hesabu fulani haikubaliki.

SWALI: Je, kampuni yenye bei ya chini ndiyo inayopewa kazi?

JIBU: Kwa usanifu na uhandisi, mara nyingi sivyo. Sheria ya Brooks ya mwaka 1972 inazitaka taasisi za serikali kuu ya Marekani kupanga kampuni kwa sifa na uzoefu kwanza, kisha kujadiliana bei na iliyoshika nafasi ya kwanza. Wasipoafikiana, mazungumzo yanahamia kwa inayofuata. Majimbo mengi yana sheria za namna hiyo. Zabuni za ujenzi wenyewe ni jambo jingine, na huko bei ya chini bado ina nguvu kubwa.

SWALI: Kumwagilia bustani kwa majitaka yaliyosafishwa kunasifiwa kila mahali. Kwa nini kampuni isiupe kila mji wa jangwani ushauri huo huo?

JIBU: Kwa sababu hesabu ya maji inaandikwa kwa namna tofauti katika kila mji, na hapa ndipo mshauri mgeni anapojikwaa kwa urahisi zaidi. Nevada ina mgawo mdogo kuliko majimbo yote ya bonde la Mto Colorado, yaani ekari-futi 300,000 kwa mwaka, ambazo ni takriban mita za ujazo milioni 370. Hata hivyo, mgawo huo unahesabiwa baada ya kuondoa maji yanayorudishwa. Maji ya bafuni na jikoni huko Las Vegas huingia kwenye mabomba ya majitaka, husafishwa, kisha hurudi Ziwa Mead kupitia mkondo wa Las Vegas Wash, na kila kiasi kinachorudi huiruhusu mamlaka kuchota kiasi kama hicho tena. Kwa hiyo majitaka yaliyosafishwa yakimwagwa bustanini, mji hauongezi chochote, kwani maji hayo yangerudi ziwani na kuhesabiwa kwa faida yake. Kinachopotea kabisa ni maji ya nje ya nyumba, na ndiyo maana vita vya Las Vegas vimekuwa dhidi ya nyasi: wenye nyumba hulipwa fidia wakizing'oa, na sheria ya jimbo ya mwaka 2021 inapiga marufuku, kufikia mwisho wa mwaka 2026, kutumia maji ya Colorado kumwagilia nyasi za mapambo katika maeneo yasiyo makazi ya familia moja moja.

Phoenix, katika jimbo jirani la Arizona, hairudishi majitaka yake katika Ziwa Mead, hivyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Katika eneo hilo majitaka yaliyosafishwa ni mali inayotafutwa, na sehemu yake hupoza mitambo ya kituo cha nyuklia cha Palo Verde. Mshauri anayebeba ripoti ya mji mmoja na kuibadilisha jalada tu atakuwa ameuza usanifu mzuri usio na faida.

SWALI: Arizona hudai uthibitisho wa maji ya miaka 100 kabla ya viwanja kuuzwa. Ikiwa mtaalamu anayeuandika analipwa na mwendelezaji wa ardhi, raia amwamini nani?

JIBU: Amwangalie anayeikagua ripoti hiyo. Sharti hilo, linalotumika katika maeneo yaliyowekwa chini ya usimamizi maalumu, limejengwa juu ya Sheria ya Maji ya Ardhini ya mwaka 1980, na ripoti ya mwendelezaji hupimwa na Idara ya Rasilimali za Maji ya Arizona. Mnamo Juni 2023 idara hiyo ilitangaza kuwa modeli yake ya kompyuta ya maji ya ardhini ya eneo la Phoenix inaonyesha kwamba, kwa miaka 100, karibu asilimia 4 ya mahitaji ya maji ya ardhini hayatatoshelezwa. Ikaacha kutoa vibali vipya vinavyotegemea maji hayo peke yake, bila kuvigusa vilivyokwisha kutolewa. Pigo lilielekea pembezoni, katika miji kama Buckeye na Queen Creek, kwa kuwa Phoenix yenyewe hupata maji ya mito ya Salt na Verde, pamoja na ya Colorado yanayoletwa na mfereji wa takriban kilomita 540.

Idara iliweza kusema hivyo kwa sababu ilikuwa na modeli yake na watu wa kuiendesha. Taasisi ndogo isiyo na uwezo huo inaweza angalau kuandika mambo mawili katika hadidu za rejea: kwamba kampuni haitamfanyia kazi mwendelezaji yeyote ambaye maombi yake yatapita mbele ya taasisi hiyo wakati wa mkataba, na kwamba data ghafi pamoja na faili za modeli, si ripoti iliyochapwa pekee, zitakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho.