Ngumi ya kulia inakuacha wazi

Mdogo wangu wa Kizota, umesema kwenye ndondi kila ukirusha ngumi ya kulia unarudishiwa ya kushoto shavuni, na ngumi zako hazimtikisi mtu. Chanzo kikubwa: unapiga kwa mkono peke yake, mwili umeuacha nyuma.

Anza na miguu. Wa kushoto mbele, wa kulia nyuma na pembeni kidogo, magoti yalegee. Ukipiga, kisigino cha nyuma kigeuke nje, kiuno kifuate, bega lipande hadi kidevuni, mkono uwe wa mwisho. Mkono wa kushoto ubaki shavuni, kiwiko kwenye mbavu. Kisha rudisha kulia kwa njia ileile, upesi kuliko ulivyoituma. Ukiishusha ikirudi, shavu linabaki wazi, na hapo ndipo unapodakwa.

Kunja soksi, ibane chini ya kidevu, piga polepole mbele ya kioo. Ikidondoka, umeinua kichwa. Fanya hivyo kwenye saruji iliyofagiwa, maana vumbi letu la Dodoma linateleza vibaya ukigeuza kisigino.

Begi la mchanga usiliguse bila bandeji mikononi, tafadhali. Kifundo cha mkono kikipinda, utakaa benchi wiki nyingi. Na usikubali kupigana mazoezini kwa nguvu zote hadi ule mkono wa kulia uzoee kurudi wenyewe.