Chaji ya seli ya neva iliyotulia: pampu si jibu zima

Mwenzetu ameuliza kwa nini seli ya neva isiyopeleka ujumbe wowote huwa hasi kwa ndani, kwa takribani milivolti 70, na wengi mliotangulia mmemjibu kwamba ni kazi ya pampu ya sodiamu na potasiamu. Jibu hilo nililiandika mimi pia katika mtihani, nikapewa nusu ya alama, na nilinung'unika hadi siku tulipoingia maabara.

Ni kweli kwamba pampu hiyo, protini ya kwenye utando wa seli aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa ioni (atomu zenye chaji) tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu kwa kila molekuli ya ATP, kemikali inayoipa seli nishati. Hata hivyo, pengo hilo la ioni moja kwa kawaida huchangia milivolti chache tu. Hasi iliyobaki hutokana na kuvuja: potasiamu iliyomo ndani ni kama milimoli 140 kwa lita na ya nje ni 4 hivi, na kwa kuwa baadhi ya vijia vyake kwenye utando hubaki wazi hata seli ikiwa imetulia, ioni zake hutoka, zikiacha ndani chaji hasi zisizoweza kuzifuata, mpaka hasi hiyo inapozivuta kwa nguvu inayokaribia ile inayozisukuma nje. Utando ungepitisha potasiamu peke yake, tungesoma karibu −90. Sodiamu kidogo inayopenya ndiyo huifikisha −70.

Maabara tulitumia msuli wa chura, ambao seli zake ni kubwa na kanuni yake ni ile ile. Ncha ya elektrodi ya kioo ilipotoboa utando, kipimo kilianguka ghafla kutoka sifuri hadi karibu −90. Tulipoongeza potasiamu katika maji ya chumvi kutoka milimoli 2.5 hadi 20, kilipanda taratibu hadi karibu −50, ilhali pampu hatukuigusa kabisa.

Pampu ikizuiwa kwa sumu ya wabaini, chaji haipotei papo hapo, kwani ioni zinazohitajika kuijenga ni chache mno kulinganisha na zilizomo ndani. Hufifia polepole, kadiri sodiamu inavyojaa na potasiamu inavyokwisha bila wa kuirudisha.