Watoto wanauliza "mwalimu leo kuna nini?" kabla ya kufungua daftari, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu darasa la nne, wanafunzi 45. Muhula uliopita nilianza kuwapa stika na penseli kila wakimaliza zoezi, mwanzoni ilisaidia sana. Sa hizi nikiandika zoezi ubaoni wanauliza kwanza leo kuna nini, nikisema hakuna kitu wengine wanafunga daftari kabisa. Na hela inatoka mfukoni mwangu. Niache zawadi zote, au kuna zawadi gani nzuri zaidi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usiache zote kwa mpigo, manake wataona kama umewaadhibu na hawajui kosa lao. Ila badilisha unatoa nini, unatoa lini na unampa nani kwa sababu gani. Hiyo sababu ndo nzito kuliko zote, wengi tunahangaika kutafuta kitu kizuri cha kutoa wakati tatizo liko kwenye sharti tuliloliweka.

Kwanza hicho unachokiona kinajulikana siku nyingi. Mwaka 1973 watafiti watatu Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichukua watoto wadogo wa chekechea wanaopenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora, kundi la pili hawakuahidiwa ila wakapewa cheti hicho hicho baada ya kumaliza, la tatu hawakupata kitu. Wiki moja au mbili baadaye wakawekewa kalamu za rangi darasani, anayetaka achore asiyetaka aache, na wale walioahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungua hata kidogo. Kwahiyo cheti chenyewe hakikuwa na shida, shida ilikuwa lile neno "ukifanya hivi nakupa hiki", hapo mtoto anaanza kuona kazi ni bei ya kulipia zawadi. Na wewe umelisema hilo neno kila siku muhula mzima, sikulaumu, karibu wote tunaanzia hapo.

Sasa kuna kazi ambazo mtoto hazipendi tangu mwanzo, mfano kukariri jedwali la kuzidisha au kupanga madaftari, huko ahadi ya zawadi haiharibu kitu kwa sababu hakukuwa na hamu ya kuua. Mafumbo ya hesabu, hadithi, kuchora maumbo, vitu wanavyovigombania wenyewe, huko usiahidi kitu kabisa, waache wafurahi.

Alafu angalia unazawadia nini. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa natoa peni kwa watatu wa kwanza kwenye tesiti ya kila Ijumaa. Mwezi wa pili nikagundua peni zinaenda kwa watoto wale wale watatu, na kuna binti alikuwa anakaa nyuma, mtaratibu, aliyekuwa anajitahidi kweli, akaacha kuleta daftari lisahihishwe. Nilipomuuliza akasema "mwalimu mimi hata nifanyeje sizipati". Hilo jibu sijalisahau mpaka leo. Yule mtoto alikuwa na akili timamu, aliona mchezo umeshaisha kabla haujaanza akajitoa. Tangu hapo sitoi zawadi ya nafasi darasani, natoa kwa kitu ambacho kila mtoto akiamua leo anaweza kukifanya: ameonyesha njia hatua kwa hatua, amerudia swali alilokosa, jana alipata manne leo sita, amemwelekeza jirani bila kumpa jibu. Roland Fryer, mchumi wa Marekani, alijaribu kwa pesa kwenye shule za miji kadhaa na akaona kitu kinachofanana na hiki. Dallas watoto walilipwa kwa kila kitabu walichosoma na uelewa wa wale wanaosoma kwa Kiingereza ukapanda, ila New York na Chicago walilipwa kwa alama za mitihani na gredi, na ufaulu haukusogea. Mtoto ukimwambia pata alama kubwa nikupe, hamu anayo lakini hajui aanzie wapi, ukimwambia soma kitabu anajua.

Kuhusu kitu gani utoe, acha kununua. Siku moja wakati wa mapumziko kaa uwaangalie tu wanafanya nini wakiwa huru, hicho wanachokikimbilia ndo zawadi yako. Wa kwangu waligombania kufuta ubao, kukaa kwenye kiti changu na kubeba madaftari kupeleka ofisini, yaani vitu ambavyo mimi naviona ni kazi! Wengine watataka kuchagua wa kukaa naye siku nzima, kuwa wa kwanza kwenye foleni, kuwasomea wenzao hadithi, au dakika 10 za mchezo darasa zima. Unaweza pia kuandika sentensi mbili kwenye daftari ambazo mzazi atazisoma jioni, mfano "Leo amerudia swali la 5 mara tatu mpaka likakubali". Andika alichofanya, usiandike "ana akili sana", manake mtoto aliyesifiwa akili akikutana na swali gumu anaogopa kukosa asije akaonekana hana tena. Na kama kuna mwenye aibu usimsimamishe mbele apigiwe makofi, kwake hiyo ni adhabu, mwambie pembeni.

Kwa darasa la watu 45 jaribu pia makundi. Mwaka 1969 kuna darasa la nne kama lako waligawanywa timu mbili, timu ikivunja kanuni inawekewa alama ubaoni, na timu ambayo alama zake hazijavuka kiwango inashinda, hata zote mbili kwa pamoja. Kelele zilipungua sana, na tuzo zilikuwa vitu kama kutangulia kwenye foleni na muda wa ziada wa kufanya kazi wanazozipenda. Hapo pa kushinda wote usiparuke, ukiweka mshindi mmoja tu wataanza kumchukia yule anayewakosesha pointi, na huwa ni mtoto yule yule kila siku.

Sasa kutoka hapo ulipo. Wiki hii waambie wazi kwamba penseli zikiisha hutanunua nyingine, na stika zitakuwa zinakuja bila taarifa. Wiki ya kwanza wape karibu kila siku lakini baada ya kazi, na useme kwa sauti kwanini. Wiki ya pili siku tatu, baadaye mara moja moja, huku zile nafasi za ubao na kiti zikichukua nafasi yake. Siku za mwanzo watanuna na wawili watatu watafunga daftari kweli, usibembeleze na usigombeze, nenda kaa naye fanyeni swali la kwanza pamoja. Mara nyingi aliyefunga daftari lile zoezi halijui, alikuwa anatafuta sababu ya kutolifanya mbele ya wenzie.