Ukitaka kumjua ofisa wa manowari za matanga, anza na tarehe zake

Karibu kila anayeanza kusoma maisha ya maofisa wa jeshi la majini la Uingereza wa zama za matanga huanzia vitani: pigano la Trafalgar, mizinga, Admirali Nelson na mkono wake mmoja. Sikatazi. Hadithi hizo ni tamu, na ndizo zilizotuvuta wengi wetu. Ila unaweza kumaliza rafu nzima ya vitabu vya vita na bado usijue kwa nini huyu alipewa meli na mwenzake akaachwa nyumbani anazeeka. Kwa miaka sasa nafuatilia maofisa waliopita pwani yetu, na vijana wanaotaka kuanza kazi hii huwa nawaambia jambo moja kabla ya yote: chukua daftari, andika tarehe mtu wako alipopata uluteni, ukamanda, na ukepteni kamili. Mizinga itasubiri.

Sababu ni hii. Ofisa akishapata ukepteni kamili, yaani kukabidhiwa kwa hati meli kubwa ya kivita, jina lake liliingia kwenye orodha kwa tarehe ya hati hiyo. Kutoka hapo alipanda kwa foleni tu. Waliomtangulia wakifa au wakiondolewa, anasogea. Hata awe shujaa wa namna gani, hamruki aliye mbele yake. Kwa hiyo mbio zote zilikuwa chini, kati ya uluteni na ukepteni, na huko ndiko kulikokuwa na bahati, ujanja na mkono wa mtu.

Mtazame Cuthbert Collingwood na Horatio Nelson. Collingwood alizaliwa 1748, Nelson 1758. Collingwood akawa luteni Juni 1775, Nelson Aprili 1777. Mpaka hapo mkubwa ni Collingwood, kwa umri na kwa kazi. Kisha wote wawili wakajikuta Jamaica chini ya Admirali Peter Parker, na Parker akampenda Nelson. Kila Nelson alipohamishiwa chombo kingine, Collingwood aliirithi nafasi aliyoiacha: kwanza meli Lowestoffe, halafu brigi (chombo cha milingoti miwili) Badger, halafu frigeti (manowari ya kati yenye kasi) Hinchinbrook. Nelson akapata ukepteni kamili Juni 1779, Collingwood Machi 1780. Ni miezi tisa tu, lakini ilitosha. Nelson akawa admirali 1797, Collingwood 1799, na siku ya Trafalgar, 21 Oktoba 1805, yule aliyekuwa mdogo ndiye aliyekuwa akiongoza. Walibaki marafiki wa damu mpaka mwisho, jambo ambalo linanishangaza kuliko vita vyenyewe.

Ukiwa na tarehe hizo mkononi, swali linalofuata linakuja lenyewe: nani alimshika mkono? Mjomba wa Nelson, Maurice Suckling, alikuwa mkuu wa bodi iliyosimamia meli na vifaa vya jeshi hilo. Ndiye aliyemchukua melini mwaka 1771, mtoto wa miaka 12, na siku Nelson alipofanya mtihani wa uluteni, mjomba huyo huyo alikuwa miongoni mwa watahini. Kanuni ilidai uwe na miaka 20. Nelson alikuwa na 18. Cheti chake kinasema amepita 20.

Basi jifunze mapema kutoamini umri ulioandikwa kwenye karatasi za meli. Mtihani ule, ulioanzishwa na Samuel Pepys mwaka 1677, ulimtaka kijana athibitishe kuwa amekaa baharini miaka sita. Wazazi wenye kujuana na manahodha waliitafutia dawa: mtoto anaandikwa kwenye daftari la mabaharia wakati bado yuko nyumbani analelewa, ili miaka ianze kuhesabika. William Bligh anaonekana melini mwaka 1762 akiwa na miaka saba. Provo Wallis, mtoto wa Halifax kule Kanada, aliandikwa baharia mzoefu akiwa na miaka minne. Mgeni akiliona jina daftarini anaandika kwamba alianza bahari akiwa mtoto mchanga. Mzoefu anatafuta barua ya familia au cheti cha ubatizo, kisha ndipo anaandika.

Lakini usikimbilie kuita yote haya ufisadi ukafunga mjadala. Aliyembeba kijana alikuwa ameweka jina lake rehani. Ukimpigia debe mpumbavu, akaipandisha meli mwambani, watu watauliza ni nani aliyemleta. Ndiyo maana wakubwa wengi waliwabeba ndugu zao, lakini wakawachunguza pia. James Cook, mtoto wa kibarua wa shamba, alipata uluteni mwaka 1768 na ukepteni kamili 1775 kwa sababu waliomwinua walijua anapima bahari kuliko wao. Milango ya namna hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa michache, na wengi walizeeka nje yake.

Vyeo navyo vina mitego. Yeyote aliyeongoza chombo aliitwa kepteni kwa heshima, hata kama cheo chake ni luteni. Bligh akiongoza meli Bounty, mwaka 1787 hadi mabaharia wake walipomwasi 1789, alikuwa luteni. Ukepteni kamili aliupata 1790, aliporudi na kuonekana hana hatia. Cook kwenye meli yake Endeavour naye alikuwa luteni. Kwa hiyo ukikuta mtu anaitwa kepteni katika barua au gazeti, usiandike kitu mpaka uangalie orodha ya jeshi ya mwaka ule.

Nimetaja kesi ya Bligh, basi niongeze hapo hapo: meli ikipotea, kwa namna yoyote ile, nahodha wake na waliookoka walipelekwa mahakama ya kijeshi. Ilikuwa utaratibu. Ukikuta mtu wako alishitakiwa, usimtie doa kabla hujasoma hukumu, maana wengi walitoka safi. Wapo pia waliotoka vibaya, kama Admirali John Byng aliyepigwa risasi Machi 1757 kwa kutofanya kila alichoweza kukiokoa kisiwa cha Minorca, na bado watu wanabishana juu yake.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo somo linapokuwa na nyama.

Vita vya Uingereza na Ufaransa viliisha 1815. Jeshi lililokuwa na watu zaidi ya 140,000 mwaka 1813 lilishuka hadi 20,000 hivi ndani ya miaka michache. Mabaharia waliachishwa, lakini maofisa hawakufutwa: walibaki kwenye orodha, nyumbani, kwa nusu mshahara, wakiandika barua za kuomba meli. Uluteni ulikuwa ni hati ya nafasi fulani kwenye meli fulani. Meli ikifungwa, hati imeisha. Fikiria maelfu ya wanaume wa miaka 30 na 40, wote wana ujuzi, wote wanagombea vyombo vichache. Hata Nelson alikaa hivyo zaidi ya miaka mitano, 1787 hadi 1793, kijijini kwa baba yake.

Katika ukame huo, kazi ya kupima pwani za mbali ilikuwa riziki. William Fitzwilliam Owen, luteni wa 1797 na kepteni kamili wa 1811, alipewa kazi ya kuchora pwani ya Afrika akiwa na meli mbili, Leven na Barracouta. Safari ile iliua watu kwa homa kiasi cha kutisha, na zaidi ya nusu ya waliotoka naye Uingereza hawakurudi. Februari 1824 Owen akaingia Mombasa, akakuta Wamazrui wamekwisha pandisha bendera ya Uingereza kujikinga na Seyyid Said wa Oman. Owen akakubali kuwa mlinzi wao, bila idhini ya London, na akamwacha pale Luteni John James Reitz kama mkuu wa Waingereza.

Watu wengi wa kwetu husoma tukio hili kama mpango wa dola uliokwisha pikwa. Mimi nakwambia lisome kwanza kama faili la kazi la maofisa. Reitz alikufa Mei mwaka ule ule, akiwa safarini kuelekea Pangani. Madaraka yakamwangukia George Phillips, ambaye hata uluteni hakuwa nao, bado ni mwanafunzi wa uofisa. Miezi michache baadaye akaja James Emery, luteni wa kukaimu, akakaa mpaka 1826 serikali ya Uingereza ilipokataa kuutambua ulinzi ule. Tafakari kidogo: Liwali Suleiman bin Ali, na nyuma yake ukoo mzima wenye siasa za vizazi, wanajadiliana na kijana ambaye kwao hajafaulu hata kuthibitishwa cheo. Na kijana mwenyewe anajua kila jambo atakaloandika litasomwa na watu wanaoamua kama atapata hati au ataikosa. Ukiisoma shajara ya Emery bila kukumbuka neno hilo la kukaimu, hutaelewa kwa nini anajieleza sana.

Jina la Reitz limebaki Mombasa, Port Reitz, na wengi wanaopanda matatu ya huko hawana habari kwamba alikaa madarakani miezi isiyozidi minne.

Kifo cha mkubwa kilikuwa nafasi ya mdogo. Maofisa walikuwa hata na dua ya mezani, wakiinua glasi kuombea vita vya damu au msimu wa maradhi. Inasikika kama ukatili, na ni ukatili, lakini ndiyo hesabu yao ilivyokuwa.

Kuhusu karatasi zenyewe: nyingi ziko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Kama huna nauli, anza na kamusi ya maofisa ya William O'Byrne ya mwaka 1849, inayopatikana bure mtandaoni. Inagusa kila ofisa aliyekuwa hai wakati inaandaliwa, kuanzia luteni kwenda juu. Isome ukijua kwamba habari nyingi zilitoka kwa maofisa wenyewe, na hakuna aliyemwandikia mhariri akitaja siku aliyokuwa mlevi zamuni.

Batli za meli, yaani madaftari ya kila siku ya safari, ni kavu. Upepo, mwelekeo, kina, mapipa ya maji yaliyobaki, nani kachapwa mijeledi na kwa kosa gani. Usikate tamaa, na usisome moja peke yake: batli ya nahodha na ya msaidizi wake mkuu wa kuongoza meli huwa zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo habari. Ila jihadhari na tarehe. Mpaka agizo la Oktoba 1805, siku ya batli ilianza adhuhuri iliyotangulia, hivyo alasiri ya tarehe 5 kwenye batli ni alasiri ya tarehe 4 kwa watu wa nchi kavu. Sisi ambao usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa hatupaswi kupata taabu hapa, lakini nimeona makala zilizochapwa zikimweka ofisa bandari mbili kwa siku moja.

Fedha usiziruke. Mshahara ulikuwa mdogo, ngawira ndiyo ilikuwa ndoto. Kabla ya 1808 thamani ya chombo kilichotekwa iligawanywa mafungu manane, nahodha akichukua matatu, moja kati ya hayo likienda kwa admirali wake. Oktoba 1799 frigeti nne ziliteka meli mbili za Kihispania zenye shehena ya fedha, Thetis na Santa Brigida. Kila nahodha alipata zaidi ya pauni 40,000, na baharia wa kawaida pauni 182, ambazo kwake zilikuwa zaidi ya mishahara ya miaka kumi. Kwa hiyo ukiona mtu anapigania kupelekwa kituo fulani, uliza nini kilikuwa kikipita hapo.

Swali hilo libebe hadi kwenye maji yetu. Sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa iliweka malipo kwa kila mtu aliyeokolewa: pauni 40 kwa mwanamume, 30 kwa mwanamke, 10 kwa mtoto. Viwango vilibadilika baadaye, na yakaja malipo kwa tani za chombo. Miaka ya 1860 kulikuwa na malalamiko Zanzibar kwamba manowari zilichoma majahazi ya biashara halali kwa kushuku tu. Wapo maofisa waliochukia utumwa kwa dhati, na maandishi yao yanaonyesha. Lakini mtu mmoja anaweza kuchukia utumwa na wakati huo huo kupima tani za jahazi kwa jicho la anayelipwa. Kazi yako ni kuyaweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Mwisho wa foleni napo pana vituko. Kepteni mzee asiyetakiwa kupewa kikosi alipandishwa kuwa admirali wa jina tu, apishe njia, na wenzake wakimwita admirali wa njano, rangi ambayo haikuwa ya kikosi chochote. Na wapo waliofaidi foleni kwa kuishi tu. Yule Provo Wallis aliyeandikwa baharia akiwa na miaka minne alishika uongozi wa frigeti Shannon kwa siku chache mwaka 1813, nahodha wake alipojeruhiwa wakati wa kuiteka manowari Chesapeake ya Wamarekani. Mwaka 1870 ikatungwa kanuni ya kustaafisha wazee, ikiwaacha kazini wale waliowahi kuongoza meli katika vita vile vya zamani. Siku zile chache zikamtosha. Alikufa mwaka 1892 akiwa na miaka 100, bado yuko kwenye orodha ya maofisa walio kazini, katika jeshi ambalo lilikuwa limekwisha hamia kwenye chuma na mvuke.